Oveni Niliyomtumia Baba

3 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti halikusumbui sana. Mimi sijambo. Kiwandani wamenitoa kwenye mikono ya mashati wakanipeleka kwenye kola. Sasa ni kola tangu asubuhi mpaka jioni, hata nikifumba macho naona shingo za watu.

Nimekutumia oveni ya gesi. Usigune. Nakusikia kutoka huku ukiguna. Shangazi ameniambia kwamba tangu Mama afariki unakula mkate wa dukani, ule mwepesi kama sifongo. Bwana Tanuri mzima, miaka thelathini na minane ya kuoka mikate ya mji mzima, leo anakula sifongo! Nimeona aibu mimi kwa niaba yako.

Dereva wa lori ataishusha mlangoni Jumamosi ya wiki ijayo. Ni mpya, Baba, inang'aa mpaka unaweza kujitazama ukanyoa ndevu. Tafuta fundi wa gesi aiunganishe. Usiiunganishe mwenyewe wala usimpe jirani aliyewahi kuona mtu akiunganisha. Mtungi ukae wima, mbali na joto. Fundi akimaliza, chukua povu la sabuni upake kwenye mpira na kwenye viungio vyake. Ukiona mapovu yanachemka, gesi inavuja.

Ukitaka kuwasha: fungua dirisha kwanza, fungua mlango wa oveni, washa kiberiti, halafu ndipo uzungushe koki. Moto kwanza, gesi baadaye. Ukigeuza mpangilio huo gesi itajaa ndani ikungoje. Moto usipowaka, funga koki, acha mlango wazi, nenda kakae nje hadi hewa isafike. Kila ukimaliza kuoka, funga na koki ya mtungi. Na ukisikia harufu kama ya yai viza, usiwashe kitu chochote, hata swichi ya taa usiiguse, cheche yake yatosha kulipua. Toka nje.

Najua unanicheka. Nicheke, lakini ufanye.

Ni mimi mwanao


19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Oveni imefika salama. Dereva ameishusha kwa heshima zote kama anashusha bibi harusi, na majirani walijipanga kutazama. Shangazi yako ndiye aliyesimamia. Unamjua: mkunga ni mkunga, hata akistaafu bado anaamuru watu wasukume.

Ile simu ya Jumapili sikuambulia kitu. Naisikia kama nyuki ndani ya debe. Wewe niandikie tu, barua hailii zzz.

Sasa kuhusu kunifundisha moto. Nimekaa mbele ya tanuri la kuni tangu sijaota ndevu. Nilikuwa naingiza mkono mtupu tanurini, nahesabu mpaka saba, na kama siwezi kufika saba basi limekolea. Leo binti niliyembeba mgongoni ananiambia moto kwanza, gesi baadaye. Haya. Nimeibandika barua yako ukutani, shangazi yako amenilazimisha.

Mkate wa kwanza umeungua chini. Wa pili pia. Nadhani hii oveni ina haraka, haijazoea watu wazima. Sasa shangazi yako anakuja kila asubuhi baada ya chai, anakaa kwenye kigoda chake na kusema, "Toa sasa." Natoa. Umeiva. Anajifanya yeye ndiye fundi na mimi msaidizi. Nimemwachia, maana akinuna hanuni kidogo.

Fundi wa gesi aliyekuja ni kijana mstaarabu. Aliikagua akasema skrubu za nyuma zimewahi kufunguliwa. Akasema pia kuna kifaa kinachokata gesi moto ukizimika, na kwamba hakukiona mahali pake. Nilimwambia mwanangu kanunua mpya. Akafunga kazi yake vizuri, tukapaka sabuni, hakuna povu. Wewe unajua chochote juu ya jambo hilo?

Baba yako


2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nimecheka peke yangu kwenye meza ya kola mpaka msimamizi akanitazama kwa miwani yake yote miwili. Natamani ningewaona wewe na Shangazi mkigombea mkate.

Kuhusu fundi, usijali. Dukani huwa wanafungua skrubu kuikagua kabla ya kuuza. Na hicho kifaa si kila oveni inacho, nyingine zinatengenezwa bila. Mafundi wengine wakikosa la kusema hutafuta kasoro ili waitwe tena. Muhimu ni kufuata niliyokuandikia. Usiondoke jikoni moto ukiwa unawaka. Chungulia mara kwa mara: mwali uwe wa bluu. Ukiona wa njano, hewa haitoshi au kuna uchafu, mwite fundi.

Lakini wewe sina hofu nawe. Ukiwa na pua ile, gesi itavujia wapi usijue? Nakumbuka tukirudi kutoka shule na Mama, wewe unasimama barabarani unanusa hewa, unasema, "Wale wameacha mikate dakika mbili zaidi," na tukifika kwenye kiwanda chenu cha mikate kweli tunakuta imekolea. Mama alikuwa anasema pua yako ingelipwa mshahara wake peke yake.

Niokee ule mkate wa maziwa nikija Agosti. Nimeomba likizo.

Mwanao


21 Aprili

Mwanangu,

Likizo hiyo uing'ang'anie. Mkate wa maziwa upo.

Habari za huku ni njema. Sasa naoka kila siku isipokuwa Jumapili, na majirani wameanza kuleta unga wao. Mama wa nyumba ya kona aliniletea unga wa keki ya mwanawe. Ilipoiva alilia. Nikamuuliza kulikoni, akasema hakuna, imetoka nzuri tu. Nilirudi kujisikia mtu, nakwambia kweli. Tangu mama yako aondoke nilikuwa kama koti lililotundikwa.

Na shangazi yako tunagombana kama kawaida. Juzi aliingia akakunja uso akasema, "Wewe, kuna gesi humu, pua yako imekwenda wapi?" Kumbe koki ilikuwa haijafungwa mpaka mwisho, imebaki nafasi ya ukucha. Nikamwambia nina mafua. Akanitazama sana. Akafungua dirisha na mlango, akanitoa nje tukakaa uani nusu saa nzima kama watoto waliofukuzwa darasani. Nakuambia ili usisikie kwa mwingine ukaanza kuandika barua ya kurasa kumi. Mafua tu. Mvua zimeanza.

Binamu yako mwalimu anakusalimu. Amepewa darasa la sita, na amekuwa mkali hata kwa mama yake. Nilimsikia anamwambia shangazi yako asikanyage sakafu yenye maji. Mkunga huyo, aliyekanyaga damu ya mji mzima!

Baba


28 Mei

Mwanangu,

Sijui niandike vipi, kwa hiyo nitaandika tu.

Shangazi yako ameungua. Ilikuwa jikoni kwangu, Jumanne asubuhi. Yuko hospitali tangu siku hiyo. Mikono, kifua na uso. Mimi nimeungua kidogo mkono wa kulia na nyusi, si kitu, ndiyo maana mwandiko unapinda.

Alifungua gesi kabla ya kuwasha kiberiti. Ndivyo ilivyokuwa. Nimewaeleza waliokuja kuuliza, na binamu yako nimemweleza.

Usije sasa, madaktari hawaruhusu watu wengi. Omba tu.

Baba


6 Juni

Baba,

Barua yako imefika. Nimepiga simu hospitali, wameniambia hali yake ni ya kuangaliwa. Maneno gani hayo? Kila mgonjwa si ni wa kuangaliwa?

Baba, lakini kwa nini? Niliandika. Niliandika wazi, moto kwanza, gesi baadaye, na barua iko ukutani mbele ya macho yake! Shangazi alisoma yeye mwenyewe. Mtu mzima, mkunga, aliyefundisha wasichana wangapi kuchemsha mikasi, anafunguaje gesi ikajaa halafu anawasha kiberiti? Najua si wakati wa kulaumu. Lakini nina hasira, na hasira yangu haina pa kwenda. Alikuwa anajua. Wote mlikuwa mnajua. Sikuacha kitu ambacho sikukiandika.

Nisamehe. Mwambie nampenda. Usimwambie niliyosema hapo juu.

Nimeomba likizo niipate mapema. Msimamizi anasema mpaka oda ya mashati iishe.

Mwanao


7 Juni

Mpenzi wangu wee,

Huu si mwandiko wangu. Mikono yangu imefungwa vitambaa kama mikate ya baba yako, kwa hiyo nasema na nesi anaandika. Ni msichana mzuri, ameapa hatatoa siri. Nimemwambia akija kuzaa nitamzalisha mimi mwenyewe, amecheka, kumbe anajua hesabu ya siku zangu kuliko mimi.

Usilie. Nilikushika siku uliyozaliwa ukiwa umekunja ngumi, nikasema huyu atapigana. Basi pigana kidogo.

Kwanza: oveni yako usiilaumu. Imempa baba yako miezi miwili ya kuwa mtu tena. Wewe hukumwona. Alikuwa anapiga mluzi. Kosa la siku ile lilikuwa langu, nilikurupuka, na hilo ndilo nimesema kwa kila aliyeniuliza na ndilo litakalobaki.

Pili, na hili ndilo nililomwitia nesi. Baba yako hasikii harufu. Tangu ule ugonjwa wa mwaka juzi, uliomlaza wiki tatu baada ya kumzika mama yako, pua yake haisikii kitu. Si mkate, si moshi, si gesi. Hajamwambia mtu. Mimi niligundua siku alipounguza mkate wa kwanza huku amekaa hatua mbili kutoka kwenye oveni, anaongea tu. Bwana Tanuri! Nikaelewa, nikameza. Ndipo nikaanza kwenda kila asubuhi. Nilijifanya naingilia kazi yake, kumbe nimempelekea pua yangu.

Ningekuambia mapema. Nilimwonea haya kwa niaba yake. Hilo ndilo kosa langu hasa, mwanangu, hilo jingine ni la watu kusemea.

Asibaki na gesi peke yake. Mtafutie jiko la umeme, mtafutie mtu, lolote. Lakini usimwambie kwamba nilijua. Mwache ajione bado ni yeye.

Binamu yako alikuja jana akanigombeza sana. "Mama, mara ngapi tumesema?" Alipiga mguu chini kama alipokuwa na miaka minne. Nilimwacha. Mtu akiogopa lazima agombe. Mpende binamu yako, hana dada mwingine ila wewe.

Nesi anasema nimechoka. Mimi sijasema hivyo, ni yeye.

Shangazi yako


9 Juni

Mwanangu,

Shangazi yako amefariki leo saa nne asubuhi. Tutamzika kesho, haiwezekani kukungoja na najua utanilaumu kwa hilo.

Binamu yako hajalia. Anapanga viti.

Baba


1 Julai

Baba,

Nimeanza barua hii mara nne. Hii ya tano nitaimaliza hata ikiwa mbaya.

Siku uliyoniandikia kwamba Shangazi amefariki, ndiyo siku barua yake iliyoandikwa na nesi ilipotumwa. Ilinifikia baada ya yako. Nilisoma habari za kufa kwake kwanza, halafu nikaisoma sauti yake akinitania. Sitakueleza nilivyokuwa.

Aliniomba nisikuambie jambo fulani. Nalivunja ombi lake, Mungu anisamehe, kwa sababu siwezi kukuambia langu huku nimelificha lako. Baba, najua kuhusu pua yako. Shangazi alijua tangu mkate wa kwanza.

Sasa langu. Oveni haikuwa mpya. Niliinunua kwa mwanamke mmoja wa kiwandani aliyekuwa anahama. Niliisugua siku mbili mpaka ikang'aa. Bei ya mpya ilinishinda, na sikutaka ujue kwamba binti yako aliyekwenda mbali miaka yote hii bado bei zinamshinda. Yule mwanamke aliniambia wazi: kile kifaa cha kukata gesi moto ukizimika kiliharibika, wakakitoa, wakaunganisha bila hicho. Alisema, "Ukiwa makini haina neno." Nikasema baba yangu ni mwokaji, hakuna mtu makini kama yeye. Fundi wako aliona kwa dakika moja kile nilichokificha, na mimi nikakuandikia kwamba anatafuta kazi. Nilimchafua mtu mwaminifu kwa kalamu yangu.

Nilidhani barua zangu zitafanya kazi ya kile kifaa. Ndiyo maana niliandika maelekezo mengi vile. Haikuwa busara, Baba, ilikuwa woga. Na Shangazi alipoungua, nikamgombeza kwenye karatasi, kwa sababu kama kosa ni lake basi si langu.

Hata kama alifungua gesi kabla ya kiberiti, mimi ndiye niliyeweka kitu hicho mbele yake.

Usiwashe tena oveni hiyo. Sikuombi msamaha sasa. Nataka tu ujue.

Mwanao


14 Julai

Mwanangu,

Nimeisoma barua yako nimekaa uani, nikaingia ndani, nikatoka, nikaisoma tena.

Kumbe alijua. Miezi ile yote alikuja na kigoda chake kunusa badala yangu, na mimi nikamsema kwako kwamba ana amri nyingi. Naona sasa alivyokuwa anavuta hewa kila akiingia mlangoni. Nilidhani ni pumzi ya uzee.

Hakuwasha kiberiti, mwanangu. Hakukosea kitu.

Siku ile kulikuwa na mvua na upepo. Niliwasha mwenyewe mapema, kama ulivyoandika, dirisha wazi, moto kwanza. Nikafungua mlango wa oveni kuingiza mikate, upepo ukavuma, nikafunga. Sikuchungulia. Nadhani moto ulizimika hapo. Kifaa hakikuwepo, sawa, lakini macho yangu yalikuwepo. Nikageuka nikawa nakanda unga mwingine, napiga mluzi, gesi inajaa miguuni mwangu. Gesi hii hukaa chini, fundi ameniambia, dirisha lile la juu halikuweza kuitoa yote. Shangazi yako alisimama mlangoni akapiga kelele, "Gesi! Toka!" Unajua nilimjibu nini? "Hakuna gesi, acha kelele." Kwa sababu nikikubali ipo itabidi niseme kwa nini sikuisikia.

Alinishika ukosi akanitupa nje kama paka. Akarudi ndani kufunga koki. Jiko lilikuwa giza kwa mawingu. Nikamsikia anagonga meza, anapapasa. Akasema, "Sioni hii koki iko wapi."

Nikanyoosha mkono kutoka mlangoni nikamwashia taa.

Nilitaka aone. Basi. Ulikuwa umeandika, hata swichi ya taa usiiguse, na karatasi iko ukutani sentimita chache kutoka kwenye swichi yenyewe. Mkono ulikwenda kabla yangu.

Watu walipofika wakauliza, na mimi kinywa changu kikasema amewasha kiberiti. Sikupanga. Baadaye nikaenda hospitali kumwambia nitasahihisha. Akasema, "Umeshasema nini?" Nikamwambia. Akafumba macho, akasema, "Basi liache hivyohivyo, mimi sina kazi nalo. Wewe utaishi na hawa watu." Nikaliacha. Nilikuwa kaka mkubwa, mwanangu, na nikaliacha.

Kwa hiyo chukua fungu lako la kosa, silikatai, ulidanganya na si jambo dogo. Lakini usichukue na langu.

Oveni fundi ameichukua kwenda kuivunja. Nilimwomba radhi kwa niaba yetu sote wawili. Alisema, "Mzee, ningesema kwa nguvu zaidi siku ile." Naye anajilaumu. Unaona lilivyosambaa.

Baba


23 Julai

Baba,

Nimelia mpaka jirani akagonga ukuta. Sitakuandikia maneno ya kukufariji kwa sababu sina, na wewe ungeyajua kuwa si ya kweli.

Nauliza moja tu. Binamu amejua? Shangazi aliniandikia kwamba alimgombeza pale kitandani, akampigia mguu chini. Baba, alimgombeza kwa lile ulilomwambia. Anaishi na hilo. Kila siku anaingia darasani akiwa na hilo.

Kama huwezi kumwambia, nitamwambia mimi nikija. Lakini naona ni lako.

Likizo imekubaliwa. Nitafika Alhamisi, tarehe tisa Agosti, mchana.

Mwanao


31 Julai

Mwanangu,

Nimemwambia.

Nilikwenda nyumbani kwake Jumamosi baada ya saa za masomo ya ziada. Nilimkuta mezani na madaftari ya darasa la sita, kalamu nyekundu mkononi. Akainuka, "Karibu, Mjomba," akanivutia kiti chenye mto kwa ajili ya goti langu. Mke wake akaleta chai. Nilitamani wanitukane mapema nimalize.

Nikamwambia yote kama nilivyokuandikia wewe. Pua, upepo, mluzi, "hakuna gesi", swichi. Nikamwambia na la hospitali, kwamba mama yake ndiye aliyesema liachwe. Nilipofika hapo nikaona nalitumia jina la marehemu kujifunikia, nikasema, "Hapana, futa hilo. Ni mimi niliyeliacha."

Hakunikatiza. Alikuwa anasahihisha huku nasema, anaweka alama ya vema, anageuza ukurasa, alama ya vema, ukurasa. Baadaye nikaona anaweka vema hata pale ambapo mtoto hakuandika kitu.

Nikamaliza. Akauliza, "Kwa hiyo alirudi ndani kukutoa wewe?"

Nikasema, "Alikwisha kunitoa. Alirudi kuzima."

"Akiwa anajua kuna gesi."

"Ndiyo."

Akaweka kalamu chini. Akasema polepole, kama anasoma kitu kilichoandikwa mbali, "Nilimwambia ni mzembe. Ndilo neno nililotumia, Mjomba. Mzembe. Alikuwa amefungwa vitambaa mpaka shingoni, naye akasema, 'Umekula, mwanangu?' Nikamjibu, usibadilishe mazungumzo."

  Nilishuka kwenye kile kiti na goti hili, nikapiga magoti sakafuni kwake. Hakuniinua wala hakunifukuza. Mke wake ndiye aliyenishika mkono, akanitoa mpaka barabarani, akasema, "Nenda, Mzee. Leo nenda tu."

Hajaja kwangu tangu siku hiyo, na sitegemei. Kila Jumapili alikuwa anapita kunisalimu hata baada ya mazishi. Jumapili hii nilikaa mlangoni mpaka jua likazama, najua haji, nikakaa.

Majirani pia nimewaambia, mmoja mmoja. Mama wa nyumba ya kona alisikiliza akaingia ndani akafunga mlango taratibu. Ni haki yake. Kwa daktari nimekwenda vilevile. Amesema pua ikikaa hivi muda mrefu mara nyingi hairudi. Fundi ameniletea jiko dogo la umeme la sahani moja, na nachemshia maji tu.

Sasa kuhusu Alhamisi. Usifikie kwangu. Najua utakataa, lakini nisikilize, nakuomba kama baba yako. Ukishuka, nenda moja kwa moja nyumbani kwa binamu yako. Peleka sanduku lako huko, lala huko. Ile barua ya nesi ibebe, umsomee, umsomee pale mama yake aliposema kwamba mtu akiogopa lazima agombe. Msomee neno hilo mara nyingi kadiri anavyotaka. Mimi siwezi kumpa hilo, hata nikimwambia hataliamini likitoka kinywani mwangu.

Akiuliza habari zangu, sema mzima. Usiniombee kitu kwake.

Nitakuwa hapa. Utakapomaliza huko, hata ikiwa ni siku ya mwisho ya likizo yako, hata ikiwa ni saa moja tu, njoo.

Baba yako